Ujumbe wa Aliyeachwa

Mwaka 2010 foleni ya mataa ya Ubungo ilikuwa bado inamshika mtu mpaka giza linaingia. Barabara za juu zilikuwa hazijajengwa. Jioni moja ndani ya daladala, tumesimama tumebanana, redio ya dereva ikapiga "Kamwambie" ya Diamond Platnumz. Konda aliyekuwa akivutana na abiria kwa ajili ya chenji akaacha. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya samaki akaanza kuimba chini chini, macho dirishani. Kiitikio kilipoingia, gari zima likaitikia.

Nauhusudu sana ufundi wa wimbo ule. Kijana wa Tandale aliyewahi kuuza mitumba anaingia Sharobaro Records kwa Bob Junior, prodyuza ambaye naye ni mwimbaji, akiwa na kilio cha mtu aliyeachwa. Tazama alivyokipanga. Mwanamke mwenyewe hasemeshwi. Anayesemeshwa ni mtu wa kati, anatumwa akafikishe habari. Sisi huku mambo ya moyo tumeyazoea hivyo: posa ina mshenga, ugomvi wa ndoa una wazee, na taarabu miaka yote imejua kumsema mtu bila kumtaja jina. Kwa kumweka mjumbe, mwimbaji akapata pa kulilia bila kujidhalilisha, na aliyeondoka akabaki na heshima yake. Halafu mjumbe hana jina, kwa hiyo kila anayesikiliza ndiye anayetumwa. Yule mama wa samaki alikuwa ameshakabidhiwa ujumbe.

Mwaka huohuo Diamond aliondoka na Tuzo tatu za Muziki za Kilimanjaro, ikiwemo ya msanii chipukizi. Mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakitoka stendi ya Ubungo alfajiri yakaubeba wimbo hadi kusikojulikana Tandale iko wapi.

Kilio cha namna hii hakikuanza na Diamond: kabla yake Temeke ilishatupa mwimbaji Juma Nature na "Inaniuma Sana", na kabla ya hapo palikuwa na wanamuziki wa dansi kina Marijani Rajab, waliorekodi Radio Tanzania na kumpa msikilizaji kisa kizima, chenye mwanzo na mwisho.

Stendi ya mikoani sasa iko Mbezi Luis, na wimbo wa kuachwa nao umehama. Unatungwa kwa ajili ya kipande cha sekunde chache cha kuchezea kwenye simu. Kiitikio kinatangulia, ubeti wa kwanza unafuata kwa haraka, wa pili unajazwa maneno yoyote au haupo kabisa. Aliyeachwa anarusha vijembe, anahesabu pesa alizotumia, anamaliza. Wiki mbili zikipita hakuna anayeuimba. Sauti nzuri bado zipo, tena nyingi. Kinachoniuma ni kuona zinatumika ovyo hivi.

Maprodyuza wa Sinza na Manzese, nawaomba: kijana akija na kilio chake, msimharakishe. Mrudisheni nyumbani akaandike ubeti wa pili.