Kicheko na Tabaka katika The Holdovers

Katika The Holdovers (2023) ya Alexander Payne, kicheko hutokana na uhasama baina ya mwalimu Hunham na mwanafunzi Angus Tully, waliosalia katika shule ya bweni ya Barton, Marekani, Krismasi ya 1970. Kinaya kikali zaidi, hata hivyo, kimo jikoni. Curtis, mwana wa mpishi Mary, alihitimu Barton hiyo hiyo. Akakosa fedha za chuo kikuu, akaingia jeshini, akafia vitani Vietnam. Wenzake wenye nacho waliahirishiwa wito wa jeshi kwa kuwa vyuoni. Hunham anapomkaripia kijana anayemdharau Mary, filamu inahubiri, na mahubiri ni rahisi. Tabaka hudhihirika waziwazi pale Mary anapompelekea nduguye mjamzito nguo za uchanga za Curtis, bila hotuba yoyote.