Huckleberry Finn na Dhamiri Yake

Kitabu cha Mark Twain kiitwacho Adventures of Huckleberry Finn kilitolewa Uingereza mwezi wa Desemba 1884, na Marekani mwezi wa Februari 1885. Mwezi wa Machi halmashauri ya maktaba ya Concord, katika jimbo la Massachusetts, ilikitoa katika rafu zake, kwa kukiona ni cha kihuni. Tangu hapo wako wanaokishutumu na wanaokitetea. Nia yetu hapa si kuamua shauri hilo, bali kutazama jambo moja limhusulo sana mwalimu: mtoto afanyeje ikiwa dhamiri yake imefundishwa uovu?

Mambo yenyewe, asema mtungaji, yalikuwa miaka 40 au 50 kabla ya kitabu kutolewa, katika bonde la mto Mississippi, utumwa ungaliko kwa sheria. Nao haukukomeshwa katika Marekani yote mpaka mwaka 1865. Huck amemkimbia babaye, mlevi ampigaye. Jim ni mtumwa wa Bibi Watson; asikia kwamba bibi huyo ataka kumwuza New Orleans kwa dola 800, mbali na mkewe na watoto wake, naye atoroka. Wakutana kisiwani, wakashuka na mto juu ya chelezo. Basi wote wawili ni watoro. Sisi waalimu twalitumia neno hili kila siku kwa mtoto asiyehudhuria shule, na kusahau kwamba zamani pwani mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Katika kitabu hiki maana zote mbili zimekaa juu ya chelezo kimoja.

Watu wengi husema urafiki wao ulianza kisiwani. Mimi sioni hivyo. Kule walikuwa na haja moja tu, kujificha. Na wawili wanaojificha pamoja hawajawa marafiki bado. Urafiki waanza baada ya usiku wa ukungu. Usiku ule Huck alikuwa katika mtumbwi na Jim juu ya chelezo. Mkondo ukawatenga, wakaitana gizani mpaka sauti zikapotea. Huck alipokipata tena chelezo alimkuta Jim amelala kwa uchovu. Akaona amfanyie mzaha: akamwambia hapakuwa na ukungu wowote, ameota tu. Jim akasadiki, hata akaanza kuifasiri ndoto yenyewe. Ndipo Huck akamwonyesha majani, takataka na kasia lililovunjika, akamwuliza vitu hivi navyo maana yake nini. Jim akamtazama pasipo kucheka. Akajibu kwamba alilia kwa kudhani amekufa, na kwamba takataka ni mtu yule amwaibishaye rafiki yake. Kisha akaingia kibandani, asiseme neno jingine. Huck akakaa robo saa akishindana na nafsi yake, maana kwao mweupe hakumwomba radhi mtumwa. Mwisho akaenda, akamwomba radhi. Robo saa hiyo ni fupi kitabuni, lakini yote yafuatayo yasimama juu yake.

Baadaye matapeli wawili wamwuza Jim kwa dola 40. Huck amwandikia Bibi Watson barua ya kumwarifu alipo mtumwa wake, na akiisha kuandika ajiona ametakaswa dhambi. Lakini kabla ya kuipeleka akumbuka: Jim akimshikia zamu ya usiku ili yeye alale, Jim akifurahi alipotokea katika ukungu, Jim akimwita rafiki yake wa pekee. Aichana barua, akikubali kwenda motoni.

Msomaji aangalie vema. Huck hasemi utumwa ni dhuluma, hajui. Aamini kwamba amwibia bibi wa watu mali yake, na kwamba Mungu atamhukumu kwa wizi huo. Haikuwapo hoja iliyomgeuza, ila mambo aliyotendewa. Tena asema kwamba angalikwenda shule ya Jumapili, angalifundishwa huko ya kuwa watendao hivyo huenda motoni. Neno hilo lapasa kutuuma sisi kuliko wengine. Twain mwenyewe, katika mwaka 1895, alikieleza kisa hiki kuwa ni vita ya moyo mzima na dhamiri iliyolemaa, na dhamiri ndiyo iliyoshindwa. Nasi tuwahimizao watoto kusikiza dhamiri zao, tuseme nini hapo? Labda Kiswahili chatusaidia, maana dhamiri ni jamaa ya kudhamiria, yaani kukusudia: ni jambo lililowekwa moyoni, na lililowekwa lina mwekaji. Dhamiri ya Huck yasema kwa sauti ya Bibi Watson na mji wake wote. (Tusi waitwalo watu weusi nalo limo zaidi ya mara 200, mwalimu asiwasomee watoto pasipo kueleza ni vinywa vya nani vilisemavyo.)

Kasoro kubwa ni sura za mwisho. Tom Sawyer aja, na kifungo cha Jim chageuzwa mchezo: nyoka, panya na buibui waletwa chumbani mwake, kama Tom alivyosoma vitabuni habari za wafungwa wakuu. Na Tom ajua tangu mwanzo kwamba Bibi Watson amekufa miezi miwili iliyopita, akamwacha Jim huru kwa wasia wake. Huck, aliyekuwa tayari kwenda motoni kwa ajili ya rafiki, sasa atii tu. Wako wasemao mtungaji alifanya hivyo makusudi, kuonyesha jinsi uhuru wa watu weusi ulivyochezewa hata baada ya utumwa kukomeshwa. Yawezekana; lakini kurasa ni nyingi mno kwa shabaha hiyo, nami naona zachosha.

Hata hivyo limo humo tendo moja lisilosifiwa vya kutosha. Wakikimbia, Tom apigwa risasi mguuni. Jim, asiyejua habari za wasia, akataa kwenda zake mpaka tabibu aitwe. Kisha atoka mafichoni kumsaidia tabibu, akijua atashikwa. Uchaguzi wake ni mzito kuliko ule wa Huck, maana minyororo aliiona kwa macho. Tabibu amsifu mbele ya watu, nao waahidi kutomtukana tena. Huck angoja waseme walau mnyororo mmoja au miwili ifunguliwe, kwa kuwa ni mizito, au apewe nyama pamoja na mkate wake. Halikuwapitia moyoni.