Keaton Tisa Katika Mkanda Mmoja

Miongoni mwa waigizaji wa sinema za kimya waliopata kutokea Marekani, sioni aliyeielewa kamera kumshinda Buster Keaton, ambaye tangu utotoni alipanda jukwaani pamoja na wazazi wake, akirushwa huku na huko na babaye mbele ya hadhira, na ambaye alipoingia katika sinema mwaka 1917, kwa mchekeshaji Roscoe Arbuckle, alitaka kwanza kujua kamera inavyofanya kazi.

Udadisi huo ulizaa matunda katika filamu ya The Playhouse ya mwaka 1921, aliyoitengeneza baada ya ajali ya kuvunjika kifundo cha mguu. Humo wanaonekana Keaton tisa jukwaani, safu moja, na wote tisa ni yeye.

Mbele ya lenzi palitiwa kisanduku chenye vilango tisa vyembamba, vilivyosimama wima. Kikifunguliwa kimoja, vingine hufungwa, hata mwanga usipate kupenya ila mahali pamoja. Keaton aliigiza katika nafasi ya kwanza; kisha mkanda ule ule, kabla haujasafishwa, ukarudishwa hadi mwanzo wake, kilango cha pili kikafunguliwa, naye akahamia nafasi ya pili, ikawa vivyo hivyo hata ikatimia mara ya tisa.

Na hapa ndipo penye uzito wa kazi yenyewe. Kamera ile ilizungushwa kwa mkono, na mpiga picha wake, Elgin Lessley, ilimlazimu auzungushe mpini kwa mwendo mmoja usiobadilika, kwenda na kurudi, kwani lau angaliharakisha kidogo katika zamu ya nne, Keaton wa nne angalionekana mzito wa mwendo kuliko wenziwe, na hila yote ingalifichuka. Keaton naye alijifunga kwa muziki wa banjo: kila ishara ya mkono na kila mgeuko wa kichwa aliupangia pigo lake, akauhifadhi kama mchezaji ngoma anavyohifadhi hatua zake.

Katika filamu hiyo mna karatasi ya ratiba ya onyesho, ambamo jina la Keaton limeandikwa kwa kila kazi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini alipoisimulia kazi hiyo miaka mingi baadaye, alikiri waziwazi kwamba taabu kubwa kuliko zote ilikuwa ya Lessley.