Robo Eka Ndani ya Kisanduku

Huko Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, shamba la kabichi au karoti mara nyingi ni ngazi chache zilizokatwa mlimani. Muulize mwenye shamba ukubwa wake, atakwambia robo eka. Sasa mpe fundi wa mifumo jibu hilo alitengenezee kisanduku cha fomu, tuseme ya kusajili mkulima apate mbolea ya ruzuku, ndipo utamjua kama ameiva.

Kisanduku cha namba kwenye kivinjari, kisipopewa maelekezo, hutaka namba kamili. Ukiandika 0.25 kinagoma. Afisa ugani mwenye foleni mlangoni hana muda wa kubishana nacho. Ataandika 1, na mkulima atakuwa amezawadiwa ardhi mara nne ya aliyonayo. Fundi wa haraka hurekebisha kisanduku akaishia hapo. Aliyeiva hufuata jibu hadi ndani ya programu, pale linapofungwa kwenye umbo la data. Kama huko ndani eneo limetajwa kuwa namba kamili, baadhi ya programu huikata robo ikabaki sifuri, bila onyo lolote.

Tazama pia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Inaitwa namba, lakini haijumlishwi wala kugawanywa, kwa hiyo fundi huihifadhi kama maandishi. JavaScript, lugha ya vivinjari, ikipewa tarakimu 20 kama namba, huzipotosha zile za mwisho. Sifuri ya mwanzo ya namba ya simu nayo hupotea hivyo hivyo. Mtu akiweka vistari au nafasi katikati, fomu nzuri huviondoa yenyewe. Kwa nini imgombeze? Tarakimu nane zikipishana na tarehe ya kuzaliwa aliyojaza, humuuliza.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi fomu inavyokataa. Ikirudi, irudi na kila kitu alichoandika mtu, hata kile kilichokosewa, na ujumbe ukae kando ya kisanduku chenyewe: “Andika ekari, mfano 0.25.” Mtandao wa milimani haumpi mtu hamu ya kujaza upya.

Ukaguzi wa kwenye kivinjari ni wa kumsaidia mjazaji tu. Wa seva ndio ulinzi. Seva nayo ipokee sehemu zilizoorodheshwa, basi. Machi 2012 mtengeneza programu Egor Homakov aliuonyesha ulimwengu kwa nini: alipachika sehemu ambayo fomu ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, haikuwa nayo, mfumo ukaifunga kwenye data bila kuuliza, naye akapata ruhusa ya kuandika kwenye hazina ya msimbo ya Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti.

Wewe unayetengeneza fomu za wakulima, kabla hujaitangaza yako, ijaribu kwa 0.25.