Kikwazo Chenye Tarehe: Namna Riwaya ya Mapenzi ya Kihistoria Inavyosukwa

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria, yaani masimulizi marefu ya kubuni yanayowaweka wapendanao ndani ya kipindi kilichokwisha kufungwa, husimama au huanguka kwa kiungo kimoja ambacho wahakiki wengi hukipita haraka, nacho ni kikwazo. Kila hadithi ya mapenzi huhitaji kitu cha kuwatenganisha wawili, kwani pasipo kizuizi hakuna taharuki, ile hali ya msomaji kungoja kwa wasiwasi litakalofuata. Hata hivyo, vizuizi vya kawaida kama vile wazazi wakali, ufukara au mpinzani mwenye mali havina umri. Vilikuwepo zamani na vipo leo. Katika riwaya ya kihistoria kikwazo lazima kiwe na tarehe: kiwe sheria, vita, hati au desturi iliyokuwa hai mwaka fulani na isiyoweza kuwa hai kwa namna ileile mwaka mwingine. Jaribio lake ni jepesi. Wapendanao wahamishwe miaka 50 mbele, na ikiwa kisa chao bado kinasimama bila kuguswa, basi historia ndani ya kitabu hicho ni pambo tu, kama kanga mpya iliyotundikwa ukutani kuficha ufa.

Mvuto wa utanzu huu kwa msomaji unatokana na tofauti ya ujuzi kati yake na wahusika. Walter Scott alipotoa *Waverley* mwaka 1814, aliweka ndani ya jina la kitabu maelezo kwamba mambo yake yalitokea miaka sitini iliyotangulia, na umbali huo wa muda ndio uliompa msomaji wake nafasi ya kuyajua matokeo ambayo wahusika hawakuyajua. Wahakiki wa Kiswahili huita hali hii kinaya, yaani pengo kati ya kile mhusika anachokidhani na kile msomaji anachokifahamu. Kwa riwaya ya mapenzi, pengo hilo lina uchungu wa pekee, kwa kuwa msomaji anaujua mwisho wa kisa kikubwa cha taifa lakini hajui mwisho wa kisa kidogo cha watu wawili, na hivyo husoma ahadi zao za baadaye akiwa ameshika kalenda mkononi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mfano ulio karibu zaidi na ufundi huu ni *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Mwandishi huyo, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1940, alikuwa amekwisha kuandika *Kasri ya Mwinyi Fuad* na *Kuli*, riwaya mbili ambazo ndani yake historia ya Unguja inasimuliwa kwa njia ya tabaka na kazi. Katika *Vuta n'kuvute* aliigeuza njia: akaipitisha historia ileile katika moyo wa msichana. Yasmin, binti wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyempita kwa miongo kadhaa. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, anahifadhiwa na Mwajuma, kisha anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayefanya siasa za siri dhidi ya utawala wa Waingereza.

Hapo ufundi unahitaji kutazamwa kwa karibu. Mwandishi hakuweka kikwazo kimoja bali viwili, na akavipanga kwa utaratibu ambao si wa bahati. Kikwazo cha kwanza ni ndoa ya kulazimishwa na mipaka ya jamii, nacho kikiachwa peke yake kingeshindwa jaribio la kuhamishwa, kwani binti anaweza kuozwa kwa mzee katika karne yoyote. Kikwazo cha pili ni dola ya kikoloni, pamoja na wapelelezi wake, Inspekta Wright akiwa miongoni mwao, maandishi yaliyopigwa marufuku na jela iliyo wazi kumngojea Denge. Hiki cha pili kina tarehe, na ndicho kinachokifunga kile cha kwanza ndani ya kipindi chake. Yasmin anavunja ukuta wa nyumba akidhani nje kuna uhuru, na nje anakuta ukuta mwingine uliojengwa na serikali. Mtu anayempenda hana kesho ya kumpa kwa sababu kesho yake yeye mwenyewe ameshaiweka rehani kwa nchi. Msomaji, ambaye anajua kwamba bendera ya Waingereza itashushwa Desemba 1963 na kwamba Mapinduzi yatafuata tarehe 12 Januari 1964, anaisoma subira ya Yasmin kwa namna ambayo Yasmin mwenyewe hawezi.

Jina la riwaya linabeba muundo huohuo. Kuvutana ni kazi ya pande mbili zinazoshika kamba moja, na katika kisa hiki kamba ni Yasmin: ukoo unavuta, mume anavuta, polisi wanavuta, pendo linavuta, na harakati za ukombozi, ambazo mwandishi anaziunga mkono waziwazi, nazo zinavuta bila huruma. Hapa ndipo riwaya hii inapozishinda nyingi za aina yake. Mwandishi dhaifu angeifanya siasa kuwa adui wa mapenzi, au angeyafanya mapenzi kuwa zawadi ya mwanasiasa mwema. Adam Shafi aliacha mambo mawili yaliyo mema yashindane, na msomaji hana upande wa kuukimbilia. Si ajabu kwamba Amil Shivji alipoigeuza kuwa filamu, iliyooneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, kisa kilibaki na nguvu yake hata baada ya sehemu kubwa ya kitabu kuachwa nje.

Njia nyingine, iliyo ngumu zaidi, ni ya kuifanya historia iingie ndani ya ndoa yenyewe badala ya kusimama mlangoni. Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Uingereza aliyefika Kenya mwaka 1954 na kuolewa katika jamii ya Waluo, aliifuata njia hiyo katika *Coming to Birth*, riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1986 iliyopata tuzo ya Sinclair. Paulina, mwenye umri wa miaka 16, anashuka kwenye treni kutoka Kisumu mwaka 1956 ili aishi na mumewe Martin jijini Nairobi, wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 bado haijaondolewa. Mimba yake inaharibika. Akitoka hospitalini anapotea njia katika jiji asilolijua, na anaporudi nyumbani baadaye mumewe hamwamini, naye anampiga.

Tukio hilo la kupotea njia ni dogo kwa kipimo cha historia, na ni hapo hasa thamani yake inapoonekana. Mwandishi hakuhitaji kuleta vita au jenerali. Alihitaji mji uliofungwa kwa amri, ambamo Mwafrika asiye na karatasi sahihi ni mtu wa kutiliwa shaka, na mwanamke mchanga wa shamba asiyejua barabara. Kutokana na vitu hivyo viwili, shaka ya dola inahama na kuingia chumbani, mume akimtazama mkewe kwa jicho lilelile ambalo askari wanamtazamia yeye barabarani. Likihamishwa hadi mwaka 2006, kisa kinavunjika mara moja. Baadaye katika riwaya hiyohiyo, mtoto mdogo wa Paulina anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, siku ambayo askari waliufyatulia risasi umati wakati wa ziara ya rais, tukio lililotokea kweli Oktoba mwaka huo. Mwandishi analisimulia kwa maneno machache kuliko msomaji anavyotarajia, na kujizuia huko ni kipawa.

Jambo moja linaziunganisha riwaya hizi na kuzitenga na mfano wa Ulaya. Katika riwaya za Georgette Heyer, aliyeweka msingi wa mapenzi ya kihistoria ya Kiingereza kwa kitabu kama *Regency Buck* cha mwaka 1935, harusi ndiyo lango la kutokea: kisa kinaishia pale ndoa inapoanza. Katika riwaya za Afrika Mashariki harusi mara nyingi ni lango la kuingilia. Yasmin ameshaolewa kisa kinapoanza, na Paulina vivyo hivyo. Akoko wa *The River and the Source*, riwaya ya Margaret Ogola ya mwaka 1994 ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya waliisoma kama kitabu teule, anaolewa mapema kwa mahari ya ng'ombe 30 na Owuor Kembo, chifu anayekataa kuongeza mke wa pili ingawa desturi inamruhusu na wakubwa wake wanamshinikiza. Swali linalomvuta msomaji basi si kama wawili wataoana, bali kama ndoa, ambayo ni mkataba wa koo mbili, inaweza kuwa na pendo la watu wawili ndani yake. Hilo ni swali kubwa kuliko la Heyer, na waandishi wa eneo hili hawana sababu ya kuazima muundo mwingine.

Ufundi wa mwisho unaostahili kutajwa unahusu ukimya wa kumbukumbu. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel mwaka 2021, alisimulia katika *Desertion* ya mwaka 2005 pendo la Mwingereza Martin Pearce na Rehana katika mji wa pwani ya Kenya mwaka 1899. Alipofika pale ambapo wawili hao walipaswa kuanza kupendana, alimfanya msimulizi asimame na kukiri kwamba hajui ilitokeaje, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Wengine wangeijaza nafasi hiyo kwa mwezi na upepo wa bahari. Gurnah aliigeuza nafasi tupu kuwa sehemu ya kisa, na aibu iliyoificha habari hiyo ikawa ndiyo kikwazo kinachorithiwa na kizazi cha wajukuu.

Kwa mwandishi anayeishi Eldoret, mafunzo haya si ya mbali. Mji huo ulianzia kwenye shamba namba 64, na jina Sisibo, tamko la wenyeji la namba hiyo kwa Kiingereza, bado lingali midomoni. Kundi la Makaburu lililoongozwa na Van Rensburg lilifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, jina la Eldoret likatolewa rasmi mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Tarehe hizi zimo katika vitabu vya historia kama vibao vya barabarani, lakini hazijasukwa kuwa riwaya ya mapenzi ya Kiswahili kwa wingi unaostahili.

Kikwazo chenye tarehe kipo tayari, na kilivaliwa shingoni. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa miaka michache baadaye, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kubeba kipande, hati ya kazi iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuandikwa jina la mwajiri wake. Aliyeondoka shambani kabla mwajiri hajatia sahihi alihesabiwa mtoro na aliweza kukamatwa. Sheria ya mwaka 1918 iliwafunga maskwota, yaani Waafrika waliopewa sehemu ya kulima na kulisha mifugo ndani ya shamba la mzungu, kwa siku 180 za kazi kila mwaka. Kijana wa shamba moja aliyempenda binti wa shamba la pili, ambaye baba yake amehamishwa na mwajiri, hakuweza kumfuata tu kama wafanyavyo vijana wa leo wanaopanda matatu. Ili amfuate, alihitaji sahihi ya mtu asiyejali kama kuna pendo au hakuna. Sahihi hiyo moja inatosha kubeba riwaya nzima.

Ugumu utakaomsumbua mwandishi huyo zaidi ni wa lugha. Sajili, yaani mtindo wa lugha unaolingana na mahali na watu, huwasaliti waandishi wa kihistoria kuliko mavazi na tarehe. Kiswahili sanifu kilianza kusimamiwa na kamati ya maeneo ya Afrika Mashariki mwaka 1930, kwa hiyo mfanyakazi wa shamba la Uasin Gishu mwaka 1925 hawezi kuzungumza kama mtangazaji wa redio. Wapendanao wawili wa Kinandi wangesemezana Kinandi. Mnandi na Mluhya wangekutana katika Kiswahili cha mashambani, na wote wawili wangeitikia Kisetla, Kiswahili kilichokatwakatwa ambacho walowezi walikitumia kuamrisha. Hali hiyo ni hazina: lugha ileile inayotumiwa kuagiza maji ya moto jikoni ndiyo ambayo kijana analazimika kuikunja upya ili imwambie mwenzake kwamba hakulala usiku kucha. Kipande cha mazungumzo kama hicho, kikiandikwa kwa sikio kali, kingeeleza ukoloni wa uwandani kwa uzito ambao sura nzima ya maelezo haiwezi kuufikia.

Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi ina karatasi za serikali za kipindi hicho, barua za maofisa na ripoti za wilaya, na mwandishi makini hana budi kuanzia huko. Karatasi hizo, hata hivyo, zinaeleza nani alitoroka shamba, hazielezi alikuwa anamkimbilia nani. Maelezo hayo wanayo watu waliozaliwa na kulelewa katika kambi za maskwota, ambao wazazi wao waliwasimulia walivyokutana. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 amekwisha kuvuka miaka 90. Waandishi vijana wa Eldoret, Turbo na Kaptagat wawaendee mwaka huu.