Mita 24 kabla ya maji ya moto

Nyumba yenyewe iko Njiro, Arusha. Ni ya ghorofa moja, ina hita ya umeme ya lita 80 iliyofungwa stoo, nyuma ya jiko, na bafu la chumba kikubwa liko juu, pembe ya mbali kabisa. Kutoka kwenye hita hadi kwenye shawa kuna mita 24 za bomba la PPR la milimita 25, lile mafundi wanaloliita la robo tatu, ukihesabu kupanda, kukata kona na kushuka. Mwenye nyumba ni mstaafu, anaoga alfajiri, na Julai ya Arusha haina mzaha. Alichoka kusimama na taulo begani, mkono mmoja kwenye maji, akisubiri. Akaamua kufunga pampu ya kuzungusha maji ya moto. Kazi imekamilika na pampu inafanya kazi vizuri, ila sababu za kufanya kazi vizuri si zile alizozitegemea.

Tuanze na hesabu ya bomba, maana ndiyo inayosahaulika. PPR ya milimita 25 ya daraja la PN20, inayotumika kwa maji ya moto, ina ukuta mnene. Tundu la ndani ni kama milimita 16.6. Kila mita inabeba lita 0.216. Mita 24 zinabeba lita 5.2 za maji yaliyolala humo usiku kucha na kupoa. Shawa inayotoa lita 6 kwa dakika inahitaji sekunde 52 kuyatoa hayo yote. Lakini saa ya simu na ndoo yenye alama za lita vinasema zaidi ya hapo: maji ya kwanza ya moto yanalipasha bomba kabla ya kukufikia, na yanachanganyika na ya baridi yaliyo mbele yake. Lita 7, zaidi ya dakika moja. Kwenye sinki la kunawia linalotoa lita 3 kwa dakika, unavuka dakika mbili, na hapo watu wengi huwa wameshanawa kwa maji ya baridi na kuondoka, wakiacha hita imetuma maji ya moto yasiyomfikia mtu.

Marekani wana kipimo kizuri cha jambo hili. WaterSense, mpango wa shirika lao la mazingira, katika masharti yake ya awali ulitaka nyumba mpya yenye nembo yake isiwe na zaidi ya nusu galoni, yaani kama lita 1.9, kati ya chanzo cha maji ya moto na bomba lolote la kutumia. Kwa PPR ya robo tatu hiyo ni chini ya mita 9. Kwa PPR ya nusu inchi, milimita 20, ni kama mita 14. Nyumba ya Njiro ilikuwa imekipita kipimo hicho karibu mara tatu kabla hata ya mtu kuhamia, na kosa lilifanyika siku hita ilipopelekwa stoo kwa sababu huko ndiko kulikobaki nafasi.

Pampu ya mzunguko inafanya jambo moja tu. Inayavuta maji yaliyopoa kwenye bomba la moto na kuyarudisha kwenye hita, ili maji ya moto yafike bafuni bila kumwagwa hata tone. Kuna njia mbili za kuyarudisha. Ya kwanza ni bomba la peke yake la kurudishia, kutoka bafu la mwisho hadi kwenye hita. Ya pili ni kutumia bomba la maji ya baridi lililokwishafungwa: unaweka vali ndogo chini ya sinki la mwisho, inayounganisha bomba la moto na la baridi, ambayo hujifunga yenyewe maji yakishapata joto. Njia ya pili haibomoi ukuta, na kwa nyumba za Marekani zenye presha ya bomba kuu ni rahisi kweli. Kwetu, ambako simtanki iko juu na mara nyingi hita ina bomba lake la kushukia na vyumba vina lake, maji yanayorudi huweza kupanda moja kwa moja hadi kwenye simtanki. Utakuwa unapasha tangi la nyumba nzima. Njiro walichagua bomba la peke yake, la nusu inchi, likapitishwa darini na kushuka kwenye kabati la nguo. Ukuta ulichimbwa sehemu mbili tu.

Kisha ukaja ubishi wa pampu. Pampu iliyonunuliwa ilikuwa ya wati 25, inaenea kiganjani.

“Mzee, hii itapandisha maji ghorofani kweli?” fundi aliuliza. “Tufunge ya nusu hospawa.”

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo kiini cha ufundi huu. Pampu ya presha, ile ya kutoa maji kisimani au kusukuma shawa, inapambana na uzito wa maji mita kwa mita. Pampu ya mzunguko haipandishi kitu. Bomba la moto limejaa maji hadi juu, la kurudishia nalo limejaa hadi chini. Uzito wa upande unaopanda unasawazishwa na uzito wa upande unaoshuka, kama ndoo mbili za kisima zilizofungwa kwenye kamba moja ya kapi. Kinachobaki ni msuguano wa maji na ukuta wa bomba. Kwa lita 4 kwa dakika kwenye mabomba haya, hesabu inatoa kimo cha takriban mita 1, ukiongeza kona na vali labda 1.3. Wati 25 zinatosha na chenji inabaki. Ya nusu hospawa ingepiga kelele usiku, na kila ikiwaka ingesukuma maji ya moto kwa nguvu kuliko ya baridi, mtu aliye chini ya shawa akaungua.

Mambo matatu ya ufungaji hayana mjadala. Pampu ya aina hii hulainishwa na maji yanayopita ndani yake, kwa hiyo ekseli yake lazima ilale mlalo; ikisimamishwa wima, hewa inakusanyika juu na beringi zinakauka. Mwili wake uwe wa shaba nyeusi au chuma cha pua. Ule wa chuma cha kawaida ni wa mifumo iliyofungwa isiyoingiza maji mapya, na kwa maji ya kuoga utatoa kutu. La tatu ni vali ya njia moja kwenye bomba la kurudishia. Ukiisahau, siku mtu akifungua shawa maji ya baridi yanapita njia ya mkato, yanapanda kupitia bomba la kurudishia na kukutana na ya moto bafuni. Mwenye nyumba analalamika kuwa tangu pampu ifungwe maji yamekuwa vuguvugu, fundi analaumu hita, hita inabadilishwa bure. Na popote utakapoliunganisha bomba la kurudishia, usiweke koki yoyote kati ya hita na vali yake ya usalama. Maji yakipata moto hutanuka, na lazima yawe na pa kutokea.

Hadi hapo tumezungumzia mabomba. Pesa inapotea, au inaokolewa, kwenye swichi.

Watu wengi wakisikia pampu ya mzunguko wanawaza hoteli: unafungua, maji ya moto yako hapohapo saa yoyote. Hoteli inazungusha maji saa 24, na ina sababu ya pili isiyohusu starehe. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza unataka maji ya moto yahifadhiwe nyuzi 60 za Selsiasi na yafike kwenye bomba la kutumia yakiwa na angalau 50 ndani ya dakika moja, kwa kuwa bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya uvuguvugu. Sasa chukua utaratibu huo uulete Njiro. Mita 24 za kwenda na kama mita 22 za kurudi, maji ya nyuzi 55, hewa ya nyuzi 20. Kwa hesabu yangu bomba lililo wazi linapoteza wati 20 na kitu kwa kila mita. Hiyo ni takriban kilowati nzima inayopasha kuta na dari, mchana na usiku: uniti 24 za LUKU kwa siku. Watu watano wakioga lita 30 kila mmoja, kutoka nyuzi 20 hadi 40, wanatumia uniti 3.5 tu. Ungekuwa unalipia kuta zioge mara saba ya familia yako. Pampu yenyewe haina kosa. Wati 25 zake si kitu. Mlaji ni bomba.

Taima inayowasha alfajiri na jioni inapunguza hasara hiyo, lakini nyumbani kwetu taima hugombana na tabia. Watu wetu huwasha swichi ya hita nusu saa kabla ya kuoga, kisha huizima. Taima isiyojua kama hita imewashwa itazungusha maji baridi kwa uaminifu mkubwa. Kwenye hita ya jua ya juu ya paa ni hasara tupu: pampu ikizunguka usiku inalimwaga kwenye kuta joto lililokusanywa mchana kutwa.

Walichofanya Njiro ni kuweka vitufe viwili vya kengele ya mlangoni, kimoja bafuni na kingine jikoni. Ukibonyeza, pampu inawaka. Kihisi joto kilichofungwa mwisho wa bomba la moto kinaizima maji yakifika nyuzi 40, na kama hayajafika, saa ndogo inaizima baada ya dakika mbili. Maji ya moto hayaingii kabisa kwenye bomba la kurudishia. Hata ukibonyeza mara kumi kwa siku, pampu inatumia robo uniti kwa mwezi.

Ila tazama muda. Lita 5.2 kwa lita 4 kwa dakika ni sekunde 78. Pampu ina mwendo wa chini kuliko shawa yenyewe! Hakuna haraka iliyoongezeka; kilichobadilika ni mahali pa kusubiri. Mzee anabonyeza kitufe, anapiga mswaki, anaingia kuoga. Asiyekubali kubonyeza kitufe mapema asinunue pampu.

Kilichonishangaza kwa faida yake ni sponji nyeusi, ile ya mafundi wa AC, waliyoivalisha kwenye bomba la moto popote mkono ulipofika. Bomba wazi lililojaa maji ya nyuzi 55 linashuka hadi 38 kwa dakika 20 na ushee. Likivaa sponji ya milimita 13 linachukua kama saa nzima. Maana yake, wa pili na wa tatu kuoga hawahitaji kitufe wala pampu.

Na maji yaliyookolewa? Kwa familia hii, ikiwa bomba linakutwa limepoa mara tano kwa siku, ni lita 35, kama uniti moja ya maji kwa mwezi. Mtu anayenunua maji ya boza ataisikia. Anayelipa bili ya kawaida hatairudisha bei ya pampu kwa akiba hiyo, na ndoo iliyowekwa chini ya shawa inaokoa maji yaleyale bila umeme. Hii ni starehe, na starehe ya mzee wa alfajiri si dhambi, ilimradi isiuzwe kwa jina la kubana matumizi.

Kama nyumba yako imeshakwisha na bafu la mbali ni moja tu, hita ndogo ya lita 10 au 15 kwenye bafu hilo ni rahisi kufunga kuliko yote haya. Kama bado hujapiga plasta, mwambie fundi asogeze hita karibu na mabafu. Akishindwa, alaze bomba la nusu inchi la kurudishia na kuyavalisha yote mawili sponji kabla ukuta haujafungwa. Pampu unaweza kuinunua hata mwaka ujao.