Pongezi kwa Kijiji cha Mbyo

Kusini mwa Kigali, wilayani Bugesera, kipo kijiji cha upatanisho kiitwacho Mbyo. Hapo manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 wanaishi ujirani na watu walioua. Kilianzishwa na shirika la Kikristo la Prison Fellowship Rwanda, nalo linastahili pongezi zetu za dhati.

Wafungwa waliokiri makosa walipoanza kuachiliwa, nani angewapokea? Shirika halikuishia kuhubiri. Liliwatia kazini pamoja na manusura: aliyeshika panga mwaka 1994 akafyatua matofali ya udongo, nyumba za wajane zikasimama. Leo akina mama wa pande zote mbili hukaa chini pamoja wakisuka vikapu.

Msamaha uliowezesha ujirani huo haufuti kosa. Mtu alikiri kwanza, akaomba radhi ana kwa ana. Wapo manusura ambao hawajaweza kusamehe, na hakuna mwenye haki ya kuwalazimisha. Ndiyo maana nawaheshimu mno waliothubutu, hata wakafikia kumwachia jirani aliyeua awaangalizie watoto wanapokwenda shambani.